Kiraka cha Fundi wa Kilindini

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Nilipolisema hilo darasani kwenu Jumamosi mlicheka, na yule mrefu wa mstari wa nyuma akaniuliza nilikuwa nacheza mpira wa timu gani. Sikucheza mpira. Nilishona mabawa ya ndege kwa miaka sita, hapahapa Johannesburg. Kazi hiyo imekwisha na hairudi, kwa hiyo mimi ni mstaafu, mpende msipende.

Mwalimu wenu wa cherehani pale Mayfair amewatuma kila mmoja atafute mtu wa kazi ya mikono aeleze alichojifunza. Mmenichagua mimi. Basi someni hadi mwisho, lakini msingoje mwisho mzuri. Nawaandikia kwa hasira, na hasira yenyewe kubwa zaidi ni ya kujikasirikia mimi.

Kwanza ndege. Ilikuwa ya jeshi la majini la Waingereza, ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, mifupa ya chuma na mbao, na juu yake ngozi ya kitambaa. Ndiyo, kitambaa. Kitani. Vita kuu ya pili ilipoanza ilikuwa tayari imepitwa na wakati, haifai kupigana na mtu mwenye ndege ya maana. Sasa kitu kilichochakaa, mkoloni alikipeleka wapi? Aliuleta mzigo kwetu. Ikapelekwa Mombasa. Kazi yake pale ilikuwa kuvuta angani mfuko mrefu wa kitambaa, mfano wa mkono wa kanzu, kwa kamba ndefu nyuma yake, ili wapiga mizinga wa meli wajifunze shabaha kwa kuupiga ule mkono. Wakikosa mkono, wanapiga ndege. Ndege inashuka na matundu, inashonwa, kesho yake inapanda tena kupigwa na wenzake.

Baada ya vita iliuzwa kama chuma chakavu, ikaletwa huku, ikakaa kwenye banda la shamba Karoo na kuku wakatagia ndani yake. Mzungu mmoja aliyependa vitu vya zamani, Mista Colin, akaichukua akaiweka kwenye banda lake karibu na uwanja mdogo wa ndege, kusini, ukishapita Turffontein unabadilisha teksi. Alitaka iwe kama siku iliyotoka kiwandani. Alikuwa na watu wa injini, watu wa rangi, lakini mtu wa kushona alikuwa mmoja tu, Auntie Mavis wa Eldorado Park, mwenye miaka sabini na kitu, na macho yake yalikuwa yanazimika.

Auntie Mavis ndiye aliyeniokota. Nilikuwa nimekaa mlangoni pa nyumba yetu Bellevue, nyumba moja iliyogawanywa vyumba kumi na kimoja, narekebisha sare za shule. Alikuwa amekuja kumtembelea rafiki yake mtaa wa pili, bitana ya koti lake ikawa imefumuka, akanipa. Alipoipokea aliiweka puani karibu kabisa ndipo akaona.

"Nani alikufundisha kushona kwa mkono hivi?"

"Babu yangu. Alikuwa mshona kanzu, Buyenzi, Bujumbura."

"Unaogopa urefu?"

"Urefu wa nini, Auntie?"

"Bawa," akasema. "Utapanda juu ya meza, si angani. Usinitolee macho."

Nyinyi mnaojua kushona nguo, jueni kwamba ujuzi wenu ndio utakaowaponza. Mimi uliniponza wiki ya pili. Nilipewa usukani mdogo wa mkiani niuvishe, niushonee mfuko wake wa kitani. Nikafanya kama ninavyofanya kwa mteja wa harusi. Nikapima, nikatoa, nikabana. Ukakaa vizuri mno, bila kunyanzi hata moja. Nilijisifu peke yangu. Halafu tukapaka dopu. Dopu ni maji mazito kama vanishi, yananuka kama peremende iliyooza, na yakikauka yanavuta kitambaa kikaze kama ngozi ya ngoma. Kile changu kilikuwa kimekwisha kukaza kabla ya dopu. Asubuhi tulikuta mbavu tatu za mbao zimepinda kama upinde.

Auntie Mavis alipapasa kwa vidole. "Umemshonea gauni la kubana," akasema, "na yeye bado hajapumua."

Kitani kivalishwe kilegee kidogo. Kiasi gani, siwezi kuwaandikia. Ni ulegevu wa shuka uliyoitandika bila kuchomekea. Mkono utajua, baada ya kuvunja mbavu za watu.

Kosa la pili lilikuwa la mvua. Mnaijua mvua yetu ya huku msimu wa joto, asubuhi jua, saa tisa mawingu meusi, saa kumi mvua ya mawe. Auntie alinikataza kupaka dopu hewa ikiwa na unyevu. Nikaona mbingu safi, nikapaka bawa zima. Mawe yakaanza kugonga bati na palepale bawa likapauka, jeupe, kama goti la mtoto aliyetoka kuoga bila mafuta. Ilibidi tukwangue lote. Mlinzi wa getini, Kaka Baraka, Mkongo wa Uvira, alipita akachungulia.

"Mama Nuru, hiyo ndege imezeeka tena? Asubuhi ilikuwa kijana."

"Niache, Baraka."

"Eish, mimi nauliza tu. Maana nilimwambia mke wangu ndege itaruka Krismasi. Sasa nitamwambia Krismasi gani?"

Kushona kwenyewe kunataka watu wawili. Uzi unapitishwa kwenye nta ya nyuki mara tatu, mpaka ukiuvuta kati ya vidole unalia. Sindano ni ndefu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Mmoja anasimama juu, mwingine amelala chini ya bawa, na sindano inapita ndani, inauzunguka ubavu, inarudi. Karibu na panga la mbele, lile linalozunguka, mishono inakaribiana, kwa sababu upepo wa panga ndio unaochana. Kila ubavu fundo. Usivute kwa hasira. Auntie Mavis alikuwa analala chini, mimi juu, tunaongea bila kuonana. Miaka sita nimemjua mwanamke yule kwa sauti yake ikipita kwenye kitambaa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Binti yangu Nuru alikuwa na miaka minane. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, anajibu Kiingereza, akikasirika anajibu Kizulu. Shuleni waliambiwa waeleze kazi za wazazi wao. Alirudi amenuna.

"Nimesema mama yangu anashona ndege," akasema. "Mwalimu akauliza ndege gani, nikasema ya vita. Themba akasema vitani watu wetu walikuwa wanabeba mizigo tu. Ndege zilikuwa za wazungu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Ni kweli, si ni kweli?"

Nikamvua mkoba wa shule. Nilikuwa naishika ndege ile kila siku na sikujua nani aliishona kabla yangu.

Miezi miwili baadaye tulifungua bawa la chini la kushoto. Kitani chote cha zamani kilikuwa kimekwisha kuwa vumbi, isipokuwa sehemu moja karibu na mwili wa ndege ambayo mafuta ya injini yalikuwa yameihifadhi. Kazi yangu ilikuwa kukikata na kukitupa kitani kile kichakavu. Nikaona kiraka. Nikasimamisha mkasi.

Hakikuwa kitani. Kilikuwa marekani, nguo ile nyeupe ya pamba waliyovaa babu zetu. Na mshono haukuwa ule wa vitabu vya Mista Colin. Ukingo ulikunjwa ndani mara mbili, halafu mishono midogo imelala kama punje za ufuta, kila mmoja umeegemea mwenzake. Nimekua ndani ya mshono ule. Ni mshono wa kanzu. Mtu aliyekiweka kiraka kile alikuwa mshona kanzu kama babu, na mkono wake ulikataa kushona ndege kwa namna nyingine.

Nikakigeuza. Viraka vilikuwa viwili, cha nje kimepakwa dopu, cha ndani kimeachwa kikavu. Na cha ndani kilikuwa na maandishi.

"Uchafu huo," akasema Auntie Mavis, uso wake umekaribia kukigusa. "Naona mistari mistari."

Haukuwa uchafu. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama tulivyoandika chuoni, kwenye madrasa. Nikasoma taratibu, mara mbili. *Kazi ya fundi Salim bin Athumani, Kilindini. Imetobolewa na bunduki za kwetu. Nimeiziba, itatobolewa tena.*

Nilicheka hadi nikakaa chini. Nikamtafsiria Auntie, naye akacheka. Mtu mmoja Mombasa, amechoka, anashona matundu yaleyale kila wiki, anasema neno lake mahali ambapo bwana mkubwa hatalisoma. Tulikuwa tumemkuta.

Mista Colin alikuja kuangalia. Sitamsingizia, alifurahi. Alisema siku ya kufungua maonyesho ya ndege pale bandani kiraka kitakuwa ndani ya kioo mbele ya ndege, na jina la fundi kwenye kibao. Ila hakuweza kuzisoma herufi zile, na mimi ni mshonaji tu. Alimpigia simu mama mmoja wa chuo kikuu anayejua maandishi hayo. Atakuja Jumatatu, asome, aweke sahihi. Basi. Sharp, kama wanavyosema huku, mambo sawa.

Ilikuwa Ijumaa. Nilitakiwa kukiacha kiraka mezani chini ya karatasi. Nikakiweka kwenye mkoba nikaenda nacho Bellevue, kwa sababu nilitaka Nuru akishike kabla hakijaingia ndani ya kioo. Ndicho hicho tu nilichotaka. Mtoto akishike, Jumatatu aende amwambie Themba.

Jumamosi asubuhi nikakitoa. Nuru akakinusa akarudi nyuma.

"Mama, kinanuka panya."

Kweli kilinuka panya, na kuku, na mafuta ya zamani. Nikamsomea. Akakodoa macho. "Huyu ni mtu wetu?"

"Ni mtu wetu."

"Na ataandikwa?"

"Ataandikwa. Jumatatu."

Akakishika kwa ncha za vidole, kwa sababu ya harufu. Nikaona aibu. Nikamfikiria mama wa chuo kikuu akikinusa vilevile, akifunga pua mbele ya Mista Colin kwa kazi ya mtu wetu. Babu alinifundisha kwamba fundi hamkabidhi mtu nguo chafu, hata iwe kitambaa cha kufutia vumbi. Mimi nilikuwa na mtoto, na beseni, na sabuni ya mche, na bomba la uani lilikuwa halina foleni.

Nimekwisha kuwaambia.

Jirani yangu Mama Furaha alipita na ndoo yake. "Mama Nuru, unafua nini? Nepi? Hongera, hukutuambia."

"Ni kazi ya vita," nikamjibu, na tukacheka. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikafurahi kuona uchafu unatoka. Nikabadilisha maji nikasugua tena.

Nilipokianika ndipo nikakiona. Kiraka cheupe, safi, cha marekani. Mishono yake yote ipo.

Mtaniuliza kwa nini sikupiga picha. Kila mtu ameniuliza. Nilikuwa na simu nzuri, imejaa picha za Nuru anakula aiskrimu. Sikupiga kwa sababu kitu kilikuwa mkononi mwangu. Nani anapiga picha ya kitu alichokishika?

Lakini hilo si baya kuliko yote. Sikilizeni lililo baya. Mimi nimesoma chuo, Buyenzi, miaka mitano. Ubao wetu tuliuandika kwa wino wa masizi na gundi, na kila tukihitimu somo tuliuosha ubao kwa maji tuandike jingine. Mwalimu alikuwa akiandika aya kwenye sahani, anaosha, mgonjwa anakunywa maji yake. Wino ule unatengenezwa ili utoke. Fundi Salim aliandika kwa wino alioujua, na mimi niliujua. Katika banda lote lile mtu mmoja tu aliweza kusoma maandishi yale, na mtu huyohuyo ndiye peke yake aliyepaswa kujua kwamba hayaguswi na maji.

Jumatatu mama wa chuo kikuu alikuja. Mpole, mwenye miwani miwili, mmoja kichwani. Alikiinua dirishani, akakigeuza, akakipiga tochi. Alikaa nacho muda mrefu sana.

"Naona kivuli," akasema. "Hapa labda ni herufi ya lam. Hapa sijui. Dada, nakuamini. Lakini siwezi kuweka sahihi juu ya kivuli."

"Auntie Mavis aliona," nikasema.

Wote wakamgeukia. Yule bibi hakuwahi kudanganya, na siku ile hakuanza. "Niliona mistari," akasema. "Nilidhani uchafu."

Mista Colin alisubiri mgeni aondoke. "Zai, sitaandika jina ukutani kwa sababu wewe umeniambia."

"Majina ya marubani manane umeyaandika."

"Nina orodha."

"Nani amekupa?"

"Mtu alinitumia kwa barua pepe."

"Unamjua?"

Akatoka nje. Marubani wakabaki. Siku ya kufungua maonyesho nilimleta Nuru, nimemvalisha vizuri. Alisoma kibao kizima kwa sauti, kidole kikifuata mistari, kama wanavyofundishwa. Alipofika mwisho akarudi mwanzo akasoma tena. Halafu akaniangalia, na hakuniuliza. Afadhali angeniuliza.

Bawa lile tulikuwa bado hatujalifunga wakati wa ule msiba wangu. Nilipofika kwenye mbavu za mwisho nikatoa kalamu ninayoandikia majina kwenye sare za shule, ile isiyotoka hata kwa jiki ya kufulia. Sauti ya Auntie Mavis ikatoka chini.

"Zai, mbona sindano haiji?"

"Nataka kuandika kitu ndani."

Akasema, "Ukiandika wewe, ni mwandiko wako. Hakumrudishi."

"Najua."

"Basi andika upesi. Colin anakunywa chai."

Nikaandika maneno ya fundi kwa herufi zake, kama nilivyoyakumbuka. Chini yake, kwa herufi za kawaida, nikaongeza, *Maneno ya juu si yangu. Niliyasoma, nikayafua. Zaituni, Johannesburg.* Nikavuta kitani, nikapitisha sindano, Auntie akairudisha. Fundo. Nilijiambia kwamba kitani kizuri kinakaa miaka thelathini, arobaini ndani ya nyumba. Siku moja mtu atafungua.

Haikufika miaka miwili. Mista Colin alizeeka, banda likamshinda, ndege ikauzwa ng'ambo kwa tajiri anayetaka kuirusha. Ikaondoka ndani ya kontena, mabawa yamefungwa blanketi. Auntie Mavis alikuwa tayari haoni kabisa, aliagana nayo kwa kupapasa. Nikamsaidia kufika getini, na Kaka Baraka, ambaye pia siku ile ilikuwa ya mwisho kwake, hakuwa na utani wowote. Alisema tu, "Mama Nuru, imeondoka bila kuruka."

Miezi mingine ikapita. Nikampigia Mista Colin kumwomba barua ya kuonyesha kazi niliyofanya. Katikati ya maongezi akaniambia, kama habari ndogo, kwamba mwenye ndege mpya hakupenda kitani. Siku hizi wanatumia kitambaa cha plastiki, kinadumu, hakiogopi unyevu. Wamevua yote mwezi wa kwanza.

"Waliona kitu ndani ya bawa la kushoto?" nikamuuliza.

"Ndiyo, wamesema. Mtu alikuwa amechorachora." Akacheka kidogo. "Nikawaambia ni kuku wa Karoo."

Nikakata simu. Barua sikuipata hadi leo.

Kwa hiyo mkija kwangu Bellevue sina ndege ya kuwaonyesha, sina kibao, sina barua. Nina kiraka. Kiko kabatini chini ya nguo za Idi za Nuru. Njooni mjifunze ule mshono, kwa maana hiyo ni kazi ya kweli na mwalimu wenu hataweza kuwafundisha. Nimeuvuta, nimeujaribu kwa kucha. Haulegei hata mmoja. Lakini msiniombe niwaonyeshe alipoandika. Nuru ana miaka kumi na mmoja sasa na amekwisha kuacha kuwaambia watu.

Na kila nikifungua kabati lile linanukia sabuni.

Mkipewa siku moja kazi ya mtu aliyetangulia, ya marekani au ya dhahabu, msikimbilie kuipendezesha mbele ya watu. Kikinuka, kiacheni kinuke.